Mashine Iliyomrudisha Mtoto Mlangoni

Butembo, tarehe 9 Januari 2003

Kwa Shangazi yangu Bénite, huko Beni kwenye joto,

Mwavukire, Shangazi. Sisi huku kwenye baridi yetu bado tunapumua kwa neema ya Mungu. Mama anakusalimia. Bado anafunga kilemba cheusi kila ibada, ingawa Papa ana miaka miwili kaburini. Mchungaji amemwambia inatosha, Mama akamjibu kwamba kilemba ni chake na kichwa ni chake. Kambere, mdogo wangu, amerefuka hadi suruali zote zimemkimbia. Simbilisi wa jikoni wamezaa tena, tungekutumia wawili lakini dereva Stanislas anasema hasafirishi wanyama wenye kelele kuliko abiria wake.

Tumesikia watu wanaendelea kushuka kwenu kutoka upande wa Mambasa, na kwamba watoto wengi wamefika bila wazazi. Tunawaombea. Najua wewe uko katikati ya hayo, pale kituoni mnapowapokea.

Sasa jambo lenyewe. Kanisa limeiomba ofisi yetu ya kupiga mashine isaidie kutafuta jamaa za hao watoto. Ordinateur, yaani kompyuta, tunayo moja, na groupe ya umeme inawashwa mchana tu, tukiwa na mafuta. Mimi nimesema nitatengeneza programu ya kulinganisha majina: watoto waliopotea upande mmoja, familia upande wa pili. Lugha ninayoitumia inaitwa Ruby. Si lugha ya watu, ni ya kuiambia mashine kazi. Mfanyabiashara mmoja alinunua CD yake Kampala akidhani ina nyimbo, akanipa kwa hasira. Kitabu kilichomo ni cha Kiingereza, nakisoma kamusi ikiwa mkononi, na Shangazi, sijawahi kufurahi hivi tangu shule.

Nitumie majina ya watoto wa kituo chenu. Andika jina, jina la baba, la mama kama linajulikana, na mahali walikotoka.

Mwana wako,
Tamar


Beni, tarehe 24 Januari 2003

Tamar mwanangu,

Wasingya, asante kwa barua. Ilifika imelowa mawese. Mwambie Stanislas kwamba barua si chombo cha kupikia.

Mimi mzima, miguu tu inauma. Chumbani kwangu tunalala wengi sasa, nimepokea mama mmoja na wanawe kutoka Mangina, tumepangana kama sahani kabatini. Msalimie Katungu, mama yako. Kilemba chake asikitoe mpaka atakapopenda mwenyewe. Nyumba ina mwenyewe.

Nilipofika kwenye neno Ruby nilikaa chini. Nikasema, asifiwe Bwana, Tamar amepata mchumba, ingawa jina ni la ajabu. Kumbe ni mashine. Haya. Wenzako wanaolewa, wewe unasoma kamusi.

Nimekutumia majina kwa mkono wangu. Bwana Léon, yule agent wa État, mtu wa serikali aliyetoka Kasai, aliniuliza, «Mama Bénite, ile machine ya Butembo itaweza kweli? Mutoto haiko mufuko ya saruji.» Nikamjibu, «Weye ngoja. Ule mutoto wa kaka yangu ana akili.» Sasa usiniaibishe.

Lakini nieleze kitu kimoja, maana nimeshindwa kulala nikikifikiria. Kwenye kile kipande cha programu ulichonichapia na kukifunga na barua nione, kila baada ya mistari michache kuna neno return. Yule mama wa Mangina hajui, Léon anasema ni kurudi. Mashine inarudi wapi, na haijaenda popote? Na je, ikirudi, kazi inabaki nani anaifanya?

Shangazi yako anayependa kuuliza,
Bénite


Butembo, tarehe 6 Februari 2003

Shangazi,

Hujambo na miguu? Paka mafuta ya mbono jioni. Huku mvua imebomoa ukuta wa choo cha jirani, tunamwonea huruma lakini pia tunacheka. Kambere ameanza kuimba bezi kwenye kwaya, nyumba nzima inatetemeka.

Swali lako lilinifurahisha mpaka nililisoma kwa sauti ofisini. Sikiliza. Fikiria dispensaire ya kanisa. Ndani kuna daktari, sindano, dawa, kazi yote ndefu. Mlangoni kuna mlinzi. Ukifika anauliza, «Kadi iko wapi?» Huna, anasema rudi. Umerudi palepale. Daktari hajaguswa, hata hajui ulikuja. Hiyo ndiyo return ya mapema. Kazi hairudi popote, ni yule aliyeingia ndiye anayerudishwa, na mashine inamwita mwingine nyuma yake. Zamani niliandika masharti ndani ya masharti, kama mtu anayefungua chumba ndani ya chumba mpaka asahau mlango wa nje. Sasa ninawaweka walinzi wote juu, na kazi yenyewe inakaa chini, imenyooka.

Kuna jambo la pili. Mashine haina adabu ya kukisia. Ukiiambia imwite baba wa mtoto atamke jina lake, na baba hayupo kwenye orodha, inaanguka kabisa, kazi ya mchana mzima inapotea. Kwa hiyo nimeifundisha: mwite kama yupo. Kama hayupo, usimwite. Ndivyo tunavyofanya sisi pia, hupigi hodi kwenye nyumba uliyoona imefungwa kwa kufuli.

Na raha ya Ruby ni kwamba inakuruhusu kuanza na tendo, sharti likafuata nyuma:

return unless baba
return if baba.ana_tayari?(jina)

Mlinzi wa kwanza anasema: rudi, isipokuwa baba anajulikana. Anayerudi hapo nampeleka kwenye orodha ya kutafutwa kwa njia ya mama. Wa pili anasema: rudi, kama baba ana mtoto wa jina hilo tayari, na huyo ndiye ninayemwonea fahari. Unajua mtoto mmoja anaandikwa Oicha, anaandikwa tena Beni, anaandikwa tena hapa. Nitajuaje kuwa ni yuleyule? Nikafikiri kama Munande, mtu wa kabila letu. Sisi majina yetu yanafuata kuzaliwa. Msichana wa kwanza ni Masika, mvulana wa kwanza ni Kambere, wa pili ni Kambale. Baba hawezi kuwa na wasichana wawili wa kwanza! Kwa hiyo, baba yuleyule na Masika wa pili, basi ni Masika yuleyule ameandikwa mara mbili. Rudi. Mzungu wa kitabu hangeweza kubuni mlinzi huyo.

Nilimjaribu kwa familia yetu kwanza. Niliandika Papa, Ésaïe Vagheni, na watoto wake, mimi Masika na Kambere. Kisha nikajiandika mara ya pili. Mashine ikanirudisha mlangoni bila kunung'unika. Nilipiga makofi peke yangu.

Majibu ya watoto wenu nimeyafunga pamoja na barua hii. Wengi wamepata jamaa!

Tamar wako


Beni, tarehe 20 Februari 2003

Tamar,

Sisi wazima. Natumaini nyumbani ni vilevile.

Majibu yalifika. Mungu akubariki. Bibi mmoja alikuja kutoka Kyondo kuchukua wajukuu wake, akaimba njia nzima mpaka kwenye pikipiki. Léon alivua kofia. Alisema hajawahi kuona karatasi ikitoa mtoto.

Nimesoma habari za walinzi wako. Nimezisoma zaidi ya mara moja. Ni akili nzuri.

Nina swali tu. Mtoto akirudishwa na yule mlinzi wa pili, je, mlinzi anaacha neno lolote? Anasema «nimemrudisha fulani, kwa sababu hii»? Au ananyamaza tu, na sisi huku tunaona karatasi haina jina lake, tunadhani hana mtu duniani?

Nauliza kwa sababu kuna mtoto mmoja niliyemwandika kwa mkono wangu na sikumwona kwenye majibu yako. Wala kwenye waliopata, wala kwenye wanaotafutwa kwa njia ya mama. Msichana, wa miaka kama saba. Mama yake ni mtu wa Mutwanga aliyehamia upande wa Mambasa kulima, wakapotezana njiani watu walipokimbia. Anapenda kushika kidole cha mtu mzima anapotembea, kimoja tu, hataki mkono.

Karatasi imekwisha. Msalimie mama yako. Au basi, usimsalimie safari hii.

Bénite


Butembo, tarehe 4 Machi 2003

Shangazi,

Salamu nyingi. Huku wazima wote, sombe imepanda bei, groupe iliharibika ndiyo maana nimechelewa.

Kwanza nimekosa usingizi kwa ajili ya karatasi yako. Ilikuwa imekwisha kweli? Nyuma ilikuwa nyeupe tupu.

Pili, uliuliza vizuri. Mlinzi wangu haachi neno. Return ikiachwa tupu namna ile inarudisha utupu, na utupu haulalamiki. Nilijilaumu. Kwa hiyo kabla ya kila kurudisha nimemwambia aandike: nimemrudisha nani, kwa nini. Kisha nikaipitisha orodha yako upya.

Shangazi, nakuandikia kama ilivyotoka. Iliandika hivi: Masika, Mutwanga, amerudishwa. Baba yake Ésaïe Vagheni ana Masika tayari.

Masika huyo wa «tayari» ni mimi.

Nilicheka kwanza. Nikasema, nimesahau kuifuta familia yetu ya majaribio, na huko duniani kuna Ésaïe Vagheni mwingine. Wako wengi, si ndiyo? Kisha nikakumbuka kwamba Papa alikuwa akinunua kahawa Mutwanga kila msimu, na kwamba msimu ulikuwa ukirefuka.

Nilimwendea Mama. Sikumweleza kitu, nilimuuliza tu, «Mama, jina ya kuzaliwa, inafwata baba ao inafwata mama?» Aliinuka, akaenda kuwapa majani simbilisi ambao alikuwa amewalisha muda si mrefu. Wakamshangaa hata wao.

Nakuuliza wewe basi. Jina linafuata nani? Na huyo Ésaïe Vagheni ni yupi? Niambie kwamba ni mwingine. Au niambie kwamba si mwingine. Sijui ninataka lipi, lakini nataka kujua.

Tamar


Beni, tarehe 12 Machi 2003

Mwanangu Tamar,

Sitaanza na habari za miguu.

Jina linafuata tumbo la mama. Mwanamke akizaa msichana wa kwanza, huyo ni Masika wake, hata kama bwana wake ana Masika wengine kumi mlima wa pili. Wazee wote wanalijua hilo. Wewe umekua kwenye nyumba ya bwana mmoja na bibi mmoja, ya kanisani, ndiyo maana ulidhani kila nyumba ina mlango mmoja. Sikulaumu.

Kuhusu swali lako jingine, kuna mtu nilimwahidi kunyamaza, na mtu huyo amekufa, na ahadi ya marehemu huwezi kumwomba akurudishie. Sitakujibu. Lakini nitakuambia nilichofanya mimi. Mtoto alipofika na kutaja jina la baba yake, kalamu ilinianguka. Ana paji la uso ninaloliona kwenye kioo kila asubuhi. Nilimwandika kwenye orodha yako kama wengine. Nilitumaini mashine itasema, ili mimi nisiseme. Kisha karatasi ikaja kimya. Kumbe na yenyewe ulikuwa umeifundisha kunyamaza! Nililia, Tamar, halafu nikacheka, nikasema kweli huyu ni wa ukoo wetu.

Sasa sikiliza linaloniumiza. Kabla ya wiki ya Pasaka lori litakuja. Watoto wasio na jamaa watavushwa mpakani Kasindi, wapelekwe kambi ya ng'ambo. Wakishavuka, kuwapata ni kutafuta punje ya ulezi kwenye majani. Nilimwomba Léon aniache nimchukue. Alikataa, na hakukataa kwa ubaya. Alisema, «Mama, règlement ni règlement. Mutumishi ya hapa hawezi kutwala mutoto ya hapa. Ulijua ile yenye ilifanyika mwaka jana.» Ni kweli, mtumishi mmoja alichukua watoto akawafanya vibarua wa shambani. «Lete ndugu ya baba kutoka inje,» akasema, «asaini, mimi nitafurahi ndani ya roho.»

Ndugu wa kutoka nje ni wewe na Kambere, na Kambere bado mdogo kusaini. Najua ninachokuomba. Nyumba ni ya Katungu, na mficha uchi hazai, lakini hata anayeufunua anaona aibu. Sikuamrishi.

Anaitikia Masika tu. Tulimpa jina la ubatizo hapa, hataki kulisikia.

Bénite


Butembo, tarehe 22 Machi 2003

Shangazi,

Nimekukasirikia siku kadhaa. Nimemkasirikia Papa zaidi, na yeye hana hata anwani ya kumwandikia. Miaka yote ile, alipokuwa akiniletea mapapai ya Mutwanga, nilikuwa nikimwambia nampenda kwa sababu hasahau. Imenichoma. Nakuandikia hivyo ili nisiitunze hasira hii.

Kisha nilienda ofisini, groupe ikawashwa, nikamfungulia macho mlinzi wangu. Nilifikiri nitamfuta, lakini hana kosa kwa kazi yake, watoto kweli wanaandikwa mara mbili. Kosa lilikuwa swali. Nilimfundisha kuuliza baba na jina, akaridhika. Sasa anauliza na mama: ni mama yuleyule? Kama ndiyo, rudi. Kama sivyo, au kama mama hajulikani, pita, uende kwa daktari. Mstari mmoja tu umerefuka kidogo. Wakapita watoto kadhaa aliokuwa amewarudisha kimya, kutoka Oicha na kutoka kwenu. Inaonekana wafanyabiashara wa Butembo walikuwa na misimu mirefu sana. Majina yao yamefungwa hapa, mpe Léon haraka, wasipande lile lori.

Na kwa Masika wa Mutwanga mashine iliandika: jamaa amepatikana, dada, Masika Tamar, Butembo. Nililitazama jina langu likiwa upande ule wa wanaotafuta, mahali ambapo sikuwahi kuliweka kwa kweli. Niliacha kupiga mashine, nikatoka nje kidogo.

Nilimwambia Mama akichambua maharage. Nilisema, «Mama, kuko mutoto ya Papa ku Beni.» Hakuacha kuchambua. Baadaye akauliza, «Iko na myaka ngapi?» Nikasema saba. Mikono ikasimama. Nafikiri alikuwa akirudi kwa mawazo mwaka ule mtoto alipozaliwa, akitafuta kilichokuwa kikitokea nyumbani. Kisha akauliza, «Unaenda kumutwala?» Nikasema ndiyo, ingawa angesema hapana nisingejua la kufanya.

«Basi,» akasema Mama, «hapana kuniuliza mimi.»

Sijui hiyo ni ruhusa au ni mlango unaofungwa. Ninakuja hata hivyo. Barabara ikiwa salama, Stanislas atanileta juma lijalo. Mwambie Léon atayarishe mahali pa kusaini. Na mwambie mtoto, polepole, kwamba ana dada, na kwamba ni Masika pia. Asiogope.

Tamar


Butembo, tarehe 13 Aprili 2003

Shangazi Bénite,

Tulifika salama, ila kwenye kizuizi kimoja askari alimuuliza mtoto mimi ni nani wake, naye akanitazama kwanza, kana kwamba angependa kujua jibu kabla ya kulitoa. Akasema, «Eti ni dada.» Askari akacheka, akatuachia. Najua uliona lori likiondoka Beni Jumatano, na kwamba halikuwa na yeye, wala wale wengine wa Oicha na wa kwenu. Léon aliniandikia mstari mmoja kunishukuru, kwa Kifaransa chenye makosa mawili, nimeutunza.

Huku nyumbani sitakudanganya. Siku za mwanzo zilikuwa nzito. Mama alimpakulia bugali bila kumtazama, sahani inawekwa, mkono unaondoka. Hakumfukuza, hakumsemesha. Jirani alimuuliza, «Mama Katungu, ule mutoto ni wa nani?» Mama akasema mvua inakuja. Kambere ndiye aliyekuwa wa kwanza kulainika, anamfundisha sauti za kwaya. Usiku mtoto analala kwangu. Mchana anakuja ofisini, anakaa karibu na ordinateur akiuliza kila kitu kinachoonekana. Jana aliniuliza mashine inajuaje kurudi, na haijaenda popote. Nilicheka mpaka akanuna. Nikamwambia ana shangazi Beni aliyeuliza hivyohivyo.

Mimi nilikuwa naogopa, Shangazi. Nilifikiri labda nimemtoa kwenye lori nikamleta mahali pabaya zaidi, kwenye nyumba inayomlisha na haimwiti. Maana Mama hakuwahi kulitamka jina lake. Angelitamkaje? Ni lile alilonipa mimi nilipotoka tumboni mwake.

Leo baada ya ibada mawingu yalishuka upesi, nguo zikiwa kwenye kamba. Mama alisimama mlangoni pa jikoni, akaita kwa sauti ile yake ya kuvuka mlima:

«Masika!»

«Ndiyo Mama!» tukaitika wote wawili, mimi chumbani, yeye uani.

Nilitoka mbio. Mama alinitazama, kichwa chake wazi bila kilemba, matone ya kwanza yakimwangukia, akanipungia mkono nirudi ndani.

«Nilikuwa naita mudogo,» akasema.

Wako,
Masika mkubwa